Cherehani Zisizo na Uzi

Mjukuu wangu alipopewa usimamizi wa chumba cha ushonaji, alijinunulia viatu vya visigino. Ko, ko, ko! Unamsikia kabla hujamwona.

Mzigo wa kwanza wa sare za wauguzi ulirudishwa, kola zinakaba shingo. Wa pili ulitakiwa Ijumaa, na mwenye kiwanda alishamwambia: na huu ukirudi, ampishe mwingine kwenye kiti.

"Bibi, siwaelewi hawa mafundi," akanilalamikia. "Nikiingia wote wameinamia cherehani. Kazi wanafanya. Sasa kola zinaharibikia wapi?"

Jumatano nikabeba gauni langu la kupunguzwa pindo, nikakaa karibu na fundi mkongwe, mama mmoja wanayemwita Miwani. Mafundi walikuwa wanapiga soga, mikono inakwenda. Mara, ko, ko, ko! Cherehani zote nane zikanguruma. Mjukuu wangu akasimama mlangoni, akatoa maagizo ambayo hayakusikika, akaridhika, akaondoka.

Nikachungulia sindano ya Miwani. Haina uzi!

"Mwanangu, unashona upepo?"

"Usinichongee, mama," akanong'ona. "Nilimwambia ile karatasi ya kukatia kola ni ndogo. Akaniuliza, 'Msimamizi hapa nani?' Basi tunampa kelele, maana ndiyo anayoipenda."

Sikumchongea mtu. Nilikwenda tu ofisini.

"Kitendawili!"

"Bibi, nina kazi."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Akiingia, wanakimbia bila kuinuka. Akitoka, ndiyo wanaanza safari."

Akataja baiskeli, akataja saa. Akashindwa, akanipa mji. Nikautembelea nilivyotaka, kisha nikarudi na jibu: "Ni wewe na mafundi wako. Vua viatu, nenda ukasikilize."

Akaingia pekupeku. Miwani alikuwa ameinua kola: "Hii hata paka itamkaba. Basi tu haulizi, angeuliza tungemwambia."

"Nauliza," akasema mjukuu wangu.

Miguu ikarukia pedali!

"Acheni, jamani. Kola ina nini?"

Miwani akainuka, akamfunga kola ile shingoni. "Pumua, bosi."

Bosi akakohoa. Chumba kizima kikaangua kicheko, na yeye akiwamo.

"Uliniambia, nikakujibu vibaya," akasema, akijifungua. "Nisamehe, mama. Tukate upya, nionyeshe vipimo."

Ijumaa mzigo ulikwenda, na haukurudi. Visigino sasa vinakaa chini ya meza.

Gauni langu? Bado refu. Kila nikilifuata, mafundi wanasimamisha cherehani: "Bibi, tega kwanza!"