Tairi la Nyuma

Kabla jogoo wa kwanza hajawika, katika nyumba ya Veneranda pale Isevya, mjini Tabora, uzi wa katani ulikuwa ukipita kwenye gunia. Fyuu, kimya kidogo, fyuu. Alikuwa anashona mdomo wa gunia la mwisho kwa mwanga wa kibatari, akiuvuta uzi taratibu ili asiwaamshe majirani.

Alipomaliza alilipigapiga gunia kama mtu anavyompigapiga mtoto mgongoni. Ndani mlikuwa na unga wa mtama. Mengine yaliegemea ukuta: karanga, mpunga na makopa ya muhogo. Kando yake kulikuwa na kinu cha mninga na mchi wake, chungu cha samli, na kuku mwekundu ndani ya tenga.

Vyote hivyo vilikuwa vya Eustadia, mwanawe wa pekee, aliyeolewa Ipole na Elieza, mnunuzi wa nta. Masika iliyopita Eustadia alishikwa na uchungu, Elieza akampakia katika pikapu yake ampeleke hospitali ya misheni. Matairi ya gari yalikuwa membamba. Walipofika mbugani, penye udongo mweusi unaonata kama ulimbo, gari likazama. Mtoto alizaliwa humo humo garini, na hakulia.

Sasa Eustadia alikuwa na mimba nyingine. Elieza alikuwa amesema jambo moja tu, kwamba hatazama tena. Ndiyo maana alikuja Tabora kutafuta matairi makubwa, na ndiyo maana Veneranda angerudi naye Ipole, akamshike binti yake mkono wakati wa kujifungua.

Siku ile ya kuchagua matairi, Veneranda alitoka kanisani akapitia kwa fundi Yahaya. Hakuingia barazani. Aliketi upande wa pili wa ukuta, kwa sababu Elieza alikuwa upande huu. Kwao Wanyamwezi, mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawaketi pamoja wala hawaitani. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo ina uzito wake. Neno likiwapo hupitia kwa mtu wa tatu. Mtu akikosekana huambiwa kuku, au nguzo ya nyumba, na mwenye masikio anasikia.

"Haya ya kati yanaingia bila ugomvi," Yahaya alikuwa anasema. "Na haya makubwa ni ya magari ya jeshi, yamebaki baada ya vita. Tazama meno yake. Hili halikanyagi tope, linalitafuna."

"Nataka linalotafuna," alisema Elieza.

"Taratibu, bwana nta. Kubwa lina masharti yake. Gari likishiba mzigo, springi zinalala, na tairi la nyuma linaanza kukwaruza bati lililo juu yake. Likikwaruza sana linajikata. Niachie gari nikupandishe springi, nikate na bati, ndipo uondoke."

"Siwezi kungoja. Mwenzangu siku zake zimekaribia."

"Basi chukua ya kati."

Elieza akapitisha kidole kwenye meno ya tairi kubwa. Kisha akasema, "Muulize mama. Mtoto ni wake."

Yahaya akachungulia ukutani. "Mama Eustadia, shikamoo. Mkweo anauliza, ya kati au makubwa? Mimi sasa sijui kama ni fundi wa matairi au ni posta."

"Marahaba," alisema Veneranda, na akacheka. Halafu akamkumbuka yule mtoto ambaye hakulia, kicheko kikamkauka. "Mwambie achukue yatakayovuka mbuga."

"Anasema yatakayovuka mbuga."

"Nimesikia," alisema Elieza.

"Umesikiaje, na posta ndiyo mimi?" Yahaya akasonya kwa utani. "Haya, makubwa. Lakini yapo manne tu, la akiba litabaki lile lako jembamba. Na utabeba nini?"

"Sibebi kitu."

"Nisije nikasikia umerundika nta mpaka juu."

"Sibebi kitu, mzee. Narudi mtupu."

Veneranda aliyasikia yote, neno kwa neno. Lakini aliposikia mzigo alifikiri nta, au ngozi, au chochote cha biashara. Haikumjia hata kidogo kwamba magunia yake nayo yangeitwa mzigo. Chakula cha mzazi si mzigo. Ni mkono wa mama. Mama anayekwenda kwa mwanawe mikono mitupu anamwaibisha mbele ya wakwe zake, na aibu hiyo haifutiki hata mtoto akiota ndevu.

Jioni dereva wa lori la tumbaku alileta habari kutoka Ipole: uchungu umeanza, ila kwa mbali, na wanawake wanasema bado kuna nafasi. Ikakubaliwa waondoke alfajiri. Siwema, jirani, angefuatana nao ili maneno yapitie kwake. Lakini alfajiri Siwema alikuja mlangoni na mtoto mgongoni, mtoto anawaka homa.

"Mama, nisamehe. Siwezi kumwacha huyu."

"Nenda kalale naye," alisema Veneranda. "Mtoto ni mtoto."

Basi wakabaki wawili, na kuku.

Elieza alileta gari mpaka uani. Alipoyaona magunia alisimama. Aliyatazama, akatazama matairi ya nyuma, akayatazama tena magunia. Kisha akainama kwenye tenga, mgongo wake ukiwa kwa Veneranda.

"Kuku," alisema, "vitu hivi vyote vinakwenda?"

"Kuku, mwambie vyote," alijibu Veneranda akiwa ameuelekea ukuta. "Eustadia hawezi kupata mama wa mikono mitupu."

Elieza alilipima gunia la kwanza kwa mkono. Angesemaje? Amwambie mama mkwe kuwa chakula chake kizito? Afungue kinywa aseme unga huu ubaki? Mwanamume wa kwao hana kinywa hicho. Akayapakia magunia moja moja, taratibu, akiyasogeza mbele kadiri alivyoweza ili uzito usielemee nyuma. Kinu alikizungushia tambara ili kisimgonge Veneranda njiani. Juu ya gunia la unga alikunja blanketi lake mwenyewe kuwa kiti, na upande wa upepo akafunga turubai. Veneranda aliona yote hayo, akamwombea heri moyoni. Mbele, karibu na dereva, palikuwa na nafasi ya kutosha watu wawili. Hakuna aliyeitazama.

Wakashika njia ya kusini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na miyombo ilinukia. Mahali pa kwanza penye tope gari lilipita kama trekta, matairi makubwa yakirusha matope pembeni, na Veneranda akajikuta anatabasamu peke yake. Kwenye kizuizi cha mbung'o, inzi wa malale, askari alipitisha wavu wake chini ya gari kuwatafuta wadudu, akampa Veneranda maji katika kata. Wakaendelea. Mbele zaidi, mabati ya hospitali ya misheni yalionekana kati ya miti. Jioni, alijiambia, jioni tutarudi hapa na Eustadia. Sasa ilibaki Ipole tu, na kabla ya Ipole, mbuga.

Hapo ndipo alipousikia mlio. Kila gari lilipoingia shimoni, chini yake, upande wa kulia, kitu kilikwaruza. Kwanza kidogo, kama kucha kwenye ungo. Kisha kwa nguvu, kwa muda mrefu. Kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua.

Akakumbuka maneno ya Yahaya. Akayatazama magunia, na kwa mara ya kwanza akayaona jinsi yalivyo.

Babu yake alikuwa mpagazi, aliyebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani na kurudi. Veneranda alipokuwa mdogo babu alimwambia jinsi msafara ulivyoishi. Wa mbele akiona kisiki au shimo hutamka, anayemfuata hulichukua lile neno, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho. "Neno likikatikia njiani, mjukuu wangu, wa nyuma wanavunjika miguu." Lakini babu hakumwambia neno linapitaje likianzia nyuma, na aliye mbele ni mkweo.

Aliita, "Kuku, mwambie asimame." Injini ilinguruma, hakuna aliyesikia. Mwishowe akanyoosha mkono, akagonga paa la chumba cha dereva kwa kidole, polepole, kwa aibu kana kwamba anamgonga mtu kichwani.

Gari likasimama. Elieza akashuka, na bila kugeuka akatembea kwenda porini, mbali kabisa, akasimama huko akiwa amelipa gari mgongo, mikono nyuma. Alifikiri mama anataka kujisitiri. Alikuwa anampa faragha.

Veneranda alibaki juu ya blanketi, uso unamwaka. Amwiteje kutoka kule? Apige kelele jina la mkwewe katikati ya pori, huku akidhaniwa anajisitiri? Akangoja. Naye Elieza akangoja, kwa adabu, kwa muda mrefu, dakika ambazo Eustadia hakuwa nazo. Mwishowe Veneranda alishuka, akakanyagakanyaga majani ili ionekane kama kitu kimefanyika, akapanda tena na kukohoa. Elieza akarudi bila kuinua macho, wakaondoka.

Hakugonga tena. Alijiambia kwamba amekwisha kumchelewesha mara moja, na kwamba karibu watafika. Akalishika gunia la karanga, akafikiri kulisukuma lianguke barabarani. Akawaza mama mkwe wa Eustadia akimpokea bila karanga. Akaliacha.

Tairi lilipasuka mwanzoni mwa mbuga, kwa mlio kama wa bunduki.

Elieza alilitazama. Lilikuwa limekatwa pande zote, kama mkate uliopitiwa na kisu. Aliinamia tenga. "Kuku, mwambie mama ashuke polepole, pana utelezi." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Veneranda.

Alifunga lile la akiba, lile jembamba la zamani. Gari likainamia upande mmoja kama mtu mwenye mguu mfupi. Aliyashusha magunia yote peke yake, akayapanga juu ya magogo na kuyafunika turubai. Yalikuwa yamechelewa kushuka. Waliingia mbugani. Matairi makubwa yalitafuna tope kama Yahaya alivyosema, lakini lile dogo lilizama, likaivuta pikapu yote pamoja nalo, pale pale, karibu na mahali pa mwaka jana.

Wakaenda kwa miguu. Elieza alitangulia mbali, maana mkwe haongozani na mkwe. Lakini kila penye dimbwi alikita fimbo, na kila njia ilipogawanyika alivunja tawi na kulilaza upande wa kupita. Hakugeuka hata mara moja. Veneranda alifuata zile fimbo na yale matawi, tenga la kuku kichwani, akilia bila sauti.

Walifika Ipole jua likizama. Mlangoni alisimama Ngollo, mkunga mzee wa Kanisa la Moraviani. Aliposhika mikono ya Veneranda hakuhitaji kusema.

"Mama yu hai," alisema. "Mtoto alikaa vibaya. Pale hospitali wangemgeuza. Mimi sikuweza." Kisha akashusha sauti. "Alipumua kidogo. Nilikumbuka kwenu ni Wakatoliki, nikajua utauliza. Nikammwagia maji na kusema maneno ya ubatizo. Sijui kama yalikuwa yenu au yetu. Nilimpa jina lako."

"Alikuwa wa kike?"

"Wa kike."

Veneranda alimshukuru. Hakuna aliyemtendea wema mkubwa kuliko ule, na hakuna wema uliowahi kumwumiza hivyo.

Eustadia alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Baada ya kumzika mtoto, ndipo alipouliza.

"Mama, tairi lilikatika kwa nini?"

"Magunia yangu, mwanangu. Yalilemea."

"Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Na yeye alijua kuwa yatalemea?"

"Nadhani alijua."

Eustadia akageuka, akamtazama kwa macho makavu. "Mmeheshimiana vizuri," alisema. "Kijiji kizima kitawasifu." Akarudisha uso ukutani.

Veneranda alikaa pale, akampikia uji kwa unga ule ule, ambao Elieza alikuwa ameufuata mbugani na kuuleta kwa baiskeli, gunia baada ya gunia. Eustadia aliunywa. Hakusema kitu tena juu ya safari ile, wala mama yake hakumwomba msamaha, kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Gari lilipovutwa kutoka matopeni, Elieza aliliegesha uani akachukua mkasi wa bati na kuanza kukata mabati juu ya matairi ya nyuma. Alikata sana, kupita ilivyohitajika, mpaka nafasi ikatosha kupitisha kichwa cha mtu. Wanaume wa kijiji walipita, wakatazama, wala hakuna aliyemtania.

Siku ya Veneranda kurudi Tabora, lori la tumbaku lilisimama barabarani likimngoja. Eustadia alimshika mkono mpaka kizingitini, akauachia. Veneranda alipofika barabarani alimkuta Elieza amesimama kando ya lori, na kama kawaida yeye mwenyewe aliinamisha kichwa, akageukia mti ulio karibu ili apite bila kumtazama.

Lakini Elieza hakugeuka. Kuku mwekundu alikuwa anachakura mchangani kati yao, na Elieza akamsogeza pembeni kwa mguu. Akainua uso, akamtazama mama mkwe wake machoni. Ilikuwa mara ya kwanza, na Veneranda aliona kwamba kijana huyu ana macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Mama," alisema, "njoo tena utuone. Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Safari hiyo, tafadhali, ukae mbele."