Laptopu Tatu Zilizogoma

Mzee Kasimiri, mtunza stoo wa Mradi wa Takwimu za Mifugo pale Babati, alikuwa mtu wa namba. Usimcheke. Kuna watu wa dini, kuna watu wa siasa, kuna watu wa pombe. Yeye alikuwa mtu wa namba. Kiti kikiingia ofisini asubuhi, saa nne kimeshaandikwa namba. Ndoo, saa ya ukutani, hata fagio lenye mpini wa maana, vyote alivipaka namba kwa rangi ya mafuta, herufi zimenyooka kuliko za mabango ya stendi. Miaka thelathini na mmoja kazini, kwanza Mbulu, kisha Katesh, kisha Babati mkoa mpya ulipozaliwa na kila ofisi ikawa inatafuta mtu anayejua stoo ni kitu gani, na hajapoteza hata kijiko. Desemba angestaafu. Mratibu alishamwahidi hati ya Utunzaji Bora wa Mali, yenye muhuri, na mzee wa watu alikuwa akiiota hati hiyo kama kijana anavyoota harusi.

Sasa basi, mwezi wa sita wafadhili wakaleta laptopu tatu mpya. Aliyeziombea alikuwa Kindness, karani wa takwimu, binti wa Singida aliyekuwa kwenye miezi sita ya majaribio. Kindness ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote pale ofisini, na ndiye pekee aliyejua kompyuta; kwa hiyo kila mtu alimfundisha kazi. Aliandika dokezo la ukurasa mmoja kwamba kompyuta za zamani zimekufa kwa virusi vya flashi, hivyo hizi mpya ziwekwe Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, usiouzwa, usiosumbuliwa na virusi hivyo. Bwana Herieli, Mratibu, alisoma maneno mawili tu, "bila gharama", akatia saini.

Kabla Kindness hajazigusa, zilipita stoo. Kanuni inasema namba ya mali ionekane bila kugusa mali yenyewe. Mzee Kasimiri alizizungusha mashine zile nusu siku nzima akitafuta mahali pa heshima. Mfuniko ulikuwa unateleza, tumboni hapaonekani. Akachagua ukingo wa mbele, ule unaomwelekea mtu akikaa kuandika. Akapiga rangi nyeupe mikono miwili, tabaka juu ya tabaka, ikakauka, juu yake akaandika kwa nyeusi. Kazi safi. Hata Mratibu alisimama akaisifu.

Zilipowashwa, kila kitu kilifanya kazi isipokuwa mtandao. Kile kisanduku cha kurushia mtandao, chenye antena mbili, kilikuwa pale pale juu ya kabati kikipepesa taa zake, na laptopu ya Mratibu, aliyoinunua kwa fedha zake na ambayo kwa hiyo haikuwa na namba ya mtu, ilishika mtandao mpaka chooni. Hizi tatu, hola. Ofisi nzima ikageuka mafundi. Dereva alisema ni Mlima Kwaraa unaziba. Mhasibu alisema madirisha yafunguliwe, mtandao uingie. Antena zikageuzwa zikatazama Arusha, maana ndiko mtandao unakotokea. Ikaundwa kamati. Kamati ikakaa mara tano, ikanywa chai mara tano. Na kwa kuwa ripoti ya kila wiki haikuweza kutumwa kwa mashine za ofisi, ripoti hiyo ya kurasa tatu ikawa inapanda gari kila Jumatano kwenda Arusha na wasindikizaji wawili wa kulipwa posho, mmojawao Mratibu mwenyewe. Nakuuliza wewe msomaji: hapo nani ana haraka mtandao upone?

Haraka alikuwa nayo Kindness peke yake. Kila siku alikaa mbele ya mashine akiandika amri zake kwenye kile kidirisha cheusi, na kila siku mashine ilimjibu jambo lile lile: redio ya kunasia mtandao imezimwa kwa mkono, kwenye swichi. Swichi gani? Alitafuta kila kitufe, akageuza mashine chini juu, akaomba kitabu cha maelekezo kilichokuja nazo. Lakini kitabu nacho ni mali! Kilishapewa namba na kufungiwa kabatini. Mzee Kasimiri akamwambia ajaze fomu, fomu ikataka saini ya Mratibu, Mratibu akasema, "Kitabu cha nini tena, dada, wakati fundi anakuja?"

Fundi akaja kweli, kutoka Arusha. Baltazar, mkoba mweusi, miwani kichwani, simu mbili. Kindness akamwonyesha maneno kwenye kioo. Fundi hata hakuinama.

"Dada, huo ni mfumo wa bure. Kitu cha bure hakiwezi kukuambia ukweli."

Akaifuta Linux kwenye mashine moja, akaweka mfumo wa kulipia, ambao kwa bahati alikuwa nao kwenye CD iliyoandikwa jina kwa kalamu. Mtandao? Kimya. Mtu mwingine angeona haya. Baltazar alikuna kidevu, akasema ni kama alivyohofia: mfumo wa bure umeshaunguza kadi za mtandao za ndani. Zote tatu. Dawa ni kununua mpya, na duka analijua. Kamati ikapumua. Walau sasa kuna mkosaji, tena yuko kwenye majaribio. Ikapangwa kwamba Ijumaa kikao kitaziondoa laptopu kwenye orodha ya mali na kusitisha mkataba wa Kindness siku hiyo hiyo.

Alhamisi asubuhi Mzee Kasimiri aliambiwa aandae vyote vilivyokuja na mashine: maboksi, chaja, vitabu. Laptopu zenyewe zilikuwa kwenye kabati la kufuli mbili, ufunguo mmoja wake, mwingine wa Mratibu, ambaye alikuwa Arusha akisindikiza ripoti iliyochelewa. Mzee akakaa na kitabu, akaanza kuhesabu kurasa, maana yeye kitabu hukipokea kwa kurasa na hukitoa kwa kurasa. Ukurasa wa tisa ulikuwa na picha. Laptopu, kijimnara kidogo kinachotoa mawimbi, na mshale. Mshale ulikuwa unaonyesha kiswichi chembamba cha kusukuma pembeni, kwenye ukingo wa mbele.

Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini picha haina Kiingereza. Alikumbuka. Pale pale palikuwa na kidubwana kilichoisumbua brashi, akakisukuma kando kikae sawa, akapiga rangi mikono miwili.

"Mungu wangu," alisema peke yake. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Saa saba Kindness aliingia stoo kukabidhi vitu: kalkuleta, rula, stepla. Macho yalikuwa yamevimba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Alifungua mdomo amwambie. Wallahi alitaka, kama Mkatoliki anaruhusiwa kuapa hivyo. Lakini ile hati ikasimama mbele yake na muhuri wake, na wazee wenzake wa parokiani wakicheka: Kasimiri, kumbe uliziba mtandao wa mkoa mzima kwa brashi! Akashika kalkuleta, akaigeuza.

"Namba iko sawa," alisema. "Weka saini hapa."

Binti akatia saini, akatoka. Mzee alijichukia, na kujichukia kwenyewe hakukumpa mguu wa kumfuata.

Jioni, nyumbani kwake Singe, mkewe Bernadina alikuwa anapepeta mbaazi uani. Alimtazama mara moja tu.

"Baba Mektilda, una nini?"

Akamweleza yote, mpaka mshale. Bernadina hakuacha kupepeta.

"Kwa hiyo wewe unajua."

"Ninajua."

"Na yeye hajui."

"Bado."

"Na umekuja kula."

"Mama Mektilda, miaka thelathini na mmoja! Imebaki miezi mitatu tu. Nikisema sasa, hati..."

"Mtoto wa watu amebeba msalaba wako, wewe unanihesabia miezi!" Ungo ukatua chini kwa kishindo. "Chakula kipo jikoni. Kama kitapita kooni, kula."

Hakikupita.

Ijumaa kikao kilifunguliwa kwa sala, kama kawaida, maana hakuna ovu linalofanyika Babati bila kufunguliwa kwa sala. Laptopu tatu zilipangwa mezani kama maiti zinazosubiri kutambuliwa. Katibu wa kikao, kwa mujibu wa kazi zake, alikuwa Kindness. Ndiyo, umesikia vizuri: binti ndiye aliyekuwa akiandika muhtasari wa kufukuzwa kwake, kwa mwandiko mzuri, na pale Mratibu alipokosea tarehe alimsahihisha.

Mzee Kasimiri akanyoosha mkono.

"Mzee wetu, kama ni hoja mpya, iko Mengineyo," alisema Bwana Herieli. "Tufuate utaratibu."

Mengineyo, kwa asiyejua vikao vyetu, ni kile kipengele cha mwisho kabisa, watu wakiwa wameshashika funguo za pikipiki. Kabla yake kulikuwa na ajenda ya nne, Kindness. Mzee aliutii utaratibu maisha yake yote. Akashusha mkono. Akasikia Mratibu akisoma, "Kikao kimejiridhisha kwamba karani, kwa kung'ang'ania mfumo wa bure, ameiharibu mali ya mradi." Akasikia kalamu ya binti ikikwaruza karatasi, inaandika neno *ameiharibu*. Hapo akasimama.

"Si yeye."

"Mzee, Mengineyo..."

"Mengineyo kitu gani!" Sauti ilimtoka kubwa mpaka mwenyewe akashtuka. Alitoa mfukoni wembe na kichupa cha thina ya kuyeyushia rangi, akavuta laptopu ya kwanza, akaanza kukwangua namba yake. Watu wakaguna. Mzee Kasimiri anafuta namba! Mhasibu alinong'ona kwamba ni uzee. Rangi ikabanduka vipande vipande mezani, na chini yake kikatokea kiswichi chembamba. Akakisukuma kwa ukucha.

"Washa, mwanangu."

Kindness akawasha. Wakasubiri wote, shingo zimerefuka. Taa ndogo ya bluu ikawaka pembeni, na kwenye kioo yakajipanga majina ya mitandao, ya ofisi kwanza, kisha ya jirani.

"Yesu!" alisema dereva. "Kumbe si mlima."

Akakwangua ya pili, ikashika. Ya tatu, ile iliyofutwa Linux ikawekwa mfumo wa kulipia, nayo ikaonyesha taa ile ile ya bluu. Hakuna aliyemtaja Baltazar.

Bwana Herieli alikuwa mtu mwepesi. Huwezi kukaa kwenye kiti kile bila wepesi. Alikohoa, akajiweka sawa.

"Ndugu wajumbe, tumshukuru Mungu. Katibu, ajenda ya nne ifutwe, karani aendelee na kazi. Badala yake andika: kikao, chini ya uongozi wa Mratibu, kimebaini hitilafu ya kiufundi isiyo na mhusika, na kimeitatua. Mzee wetu anakaribia kustaafu, hatuna sababu ya kumharibia. Hati yake iko pale pale. Tunakubaliana?"

Tunakubaliana! Mikono yote juu, hata iliyokuwa na vikombe. Na mzee naye, nisimsingizie, mkono wake ulinyanyuka mpaka usawa wa kifua. Hati ilikuwa imerudi, safi, na haikumgharimu chochote. Kisha akamwona Kindness ameinamia daftari, anaandika *isiyo na mhusika* kwa mwandiko ule ule mzuri aliouandikia kufukuzwa kwake. Mkono ukashuka.

"Mhusika yupo," alisema. "Andika Kasimiri. Andika yeye ndiye aliyeipaka rangi swichi, na yeye ndiye aliyekificha kitabu. Na andika kwamba alijua tangu jana, akanyamaza."

Kalamu ikasimama.

"Jana, Mzee?" Kindness aliuliza taratibu. "Jana saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Binti alimwangalia, akainama, akaandika. Alipomaliza alisoma kwa sauti, kama utaratibu unavyotaka, neno kwa neno, mpaka *akanyamaza*. Akausogeza muhtasari mbele ya mzee, akamwekea kidole mahali pa saini. Mzee akasaini. Aibu ilimchoma usoni, lakini alihisi pia kifua kimefunguka, akainua macho akitegemea kuona tabasamu, au walau "asante, Mzee." Hakuona.

"Haya," alisema Mratibu kwa haraka, akitazama saa. "Mengineyo?"

"Ninayo," alisema Kindness. Aliinuka, akafunika kalamu. "Jana saa nane nilimpigia mama yangu Singida, nikamwambia nimefukuzwa kwa kuharibu mali ya watu. Ana presha. Tangu usiku simu yake haipokelewi. Naomba ruhusa nikapige tena."

Hakusubiri ruhusa. Mlango ulibaki wazi, na kutoka barazani walimsikia wote, wajumbe pamoja na Mzee Kasimiri aliyekuwa bado ameshika kalamu, akisema, "Haloo? Mama? Haloo?"