Mshipa wa Mzee Munga

Kafedha aliwahi kumsimamisha katekista penye lango la kanisa akamuuliza kama ana uvimbe kinenani, na katekista, baada ya kukohoa mara tatu, akajibu ndiyo. Ndivyo alivyokuwa huyu mhudumu wa afya wa mtaa wa Mwakirunge: mkoba begani, viatu vyeupe kwa vumbi la timbo la mawe, na ulimi usiojua kuzunguka. Wanaume waliokata mawe tangu ujana wao, wakaficha uvimbe chini ya shuka miaka nenda miaka rudi, walimweleza yeye. Daktari huuita ngiri. Wenyewe huuita mshipa, na kwa kawaida hawautaji kabisa.

Mwaka huo kulikuwa na faida ya kuutaja. Shirika moja la hisani kutoka ng'ambo lilikuwa limekubali kugharamia upasuaji katika zahanati ya pale pale. Chumba kikapakwa rangi, taa kubwa ikatundikwa, daktari mpasuaji akaletwa kwa miezi minne. Lakini hisani hiyo ilikuja na utafiti wake. Walitaka kujua kama ni bora kuushona mshipa kwa uzi mtupu au kuutilia kipande cha wavu cha bei nafuu, na walihitaji wagonjwa sitini. Si sitini na mmoja. Njia ya kila mgonjwa ilitoka katika bahasha iliyofungwa, na waliopona walipokutana mangweni kunywa mnazi walijigawa wenyewe, Nyuzi upande huu, Nyavu upande ule, wakabishana nani atanyanyua jiwe kwanza. Ilikuwa raha kuwaona. Watu waliokuwa wakitembea upande upande walirudi kutembea sawasawa.

Sasa, nyumbani kwa Kafedha mwenyewe, aliyeitwa huko Mama Mweri kwa jina la mwanawe, alikuwako baba mkwe wake, Mzee Munga, mjane, mkata mawe wa miaka thelathini. Mzee huyu alikuwa na mshipa, na Kafedha alijua. Alimwona akiinuka kitini, mkono wa kushoto ukitangulia kushika chini ya shuka. Alimwona akigeukia ukuta kila akitaka kukohoa. Ndoo ya maji aliyokuwa akiibeba kwa mkono mmoja sasa aliiburuta, na akiulizwa husema mgongo.

Lakini mke wa mtoto hamtazami baba mkwe chini ya kifua. Akimwamkia huinamisha macho, akimpa chakula hukiweka akaondoka. Kumuuliza Mzee habari za mshipa ingekuwa kukiri kwamba macho yake yalikuwa yamepita mahali ambapo macho ya mkwe hayapiti. Katekista ni mtu wa nje, anaulizika. Mzee Munga haulizwi.

Njia ilikuwako, na inaniuma kusema kwamba aliyeigundua ni Kafedha huyo huyo. Mwenzake Gladys, mhudumu wa mtaa wa pili, alikuwa na tatizo kama lake, akamwomba Kafedha aende kwao amuulize baba mkwe wake. Kafedha akaenda. Wiki haikwisha, mzee wa watu akawa amepasuliwa, akaingia kundi la Nyavu. Jambo jema kabisa, ila Kafedha hakuweza kuliacha lipite bila utani. Wakiwa bombani mbele ya wanawake wengine alimuuliza Gladys, "Na wewe, mwenzangu, ulijuaje?" Wanawake walicheka mpaka ndoo zikafurika. Gladys alicheka nao, lakini kwa siku nyingi alichota maji alfajiri, peke yake.

Basi ilipofika zamu ya Kafedha kumwomba Gladys amlipe wema, mdomo haukufunguka. Alikisikia kile kicheko kikimsubiri bombani. Akamdokezea mumewe, Kazungu, aliyekuwa kibarua wa kiwanda Changamwe na kurudi nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi. Kazungu akasema Mzee si mtoto, akiumwa atasema. Kafedha akaridhika upesi kuliko alivyopaswa kuridhika.

Orodha ilipofika watu hamsini na wanane, Sista Rispa, muuguzi wa bara aliyesimamia utafiti, alimuuliza waziwazi.

"Umezunguka kwa watu wote. Kwako je?"

"Kwetu hakuna mgonjwa, Sista."

Rispa akaandika hivyo. Siku ya Alhamisi nafasi ya sitini ilichukuliwa na Nguma, mchukuzi wa Kongowea, na kwa haki kabisa, maana naye alikuwa akiumwa. Mwezi uliofuata daktari aliondoka, chumba kikafungwa kwa kufuli. Shirika lilikuwa limepata jibu lake, na fedha za jibu zilikuwa zimekwisha.

Mzee Munga alirudishwa kutoka timboni asubuhi moja ya mwezi wa nne, ameshikwa huku na huku, akitapika. Kafedha alimtazama mara moja usoni akajua mshipa umejinyonga. Wahudumu walikuwa wamefundishwa: hapo ni saa zinazohesabiwa, si siku. Alipita mbele ya zahanati na kufuli lake akiwa na mzee kwenye tuktuk, wakashika njia ya hospitali kubwa. Kongowea walikwama nyuma ya malori na mikokoteni kwa muda mrefu, naye mzee akiuma shuka yake asilie mbele ya mkwe.

Daktari wa zamu, kijana aitwaye Ismail, alimpapasa mzee tumbo huku Kafedha amesimama nje ya pazia, ameipa mgongo sauti yao. Akamsikia daktari akiuliza mshipa una muda gani. Akamsikia mzee akisema umeanza leo.

"Ni muhimu nijue, mzee wangu. Nani amekuja nawe?"

Kafedha akaingia, macho sakafuni.

"Una miaka minne," alisema. "Ni wa kushoto. Zamani ukirudi ndani akilala. Tangu Krismasi haurudi."

Daktari akatoka mbio kwenda kuita watu wa chumba cha upasuaji. Mzee Munga akageuza kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu Kafedha aolewe, wakatazamana.

"Kumbe ulijua, Mama Mweri."

"Nilijua, baba."

Mzee alivuta pumzi fupi fupi.

"Siku zile za kuandika watu sikuwa nikienda timboni. Nilikuwa nikikaa ndani, nasema labda leo mhudumu atafika kwangu."

"Nilikuonea haya, baba."

"Hata mimi," alisema mzee. "Hata mimi, mwanangu."

Wakaja kumchukua. Walimkuta utumbo umeshaoza kipande kirefu, wakafanya walivyoweza. Kazungu alifika jioni na nguo za kiwandani, akakaa na baba yake siku mbili zilizobaki. Mzee hakuzungumza tena.

Alifariki Jumapili kabla ya adhuhuri. Kafedha alikuwa upande wa pili wa pazia, kwa sababu wauguzi walikuwa wakimwogesha.