Ametwaliwa

Kanisani kwao mtu hakufa, alitwaliwa. Hakuwa na njaa, alipita katika jaribu. Mzee wa Matangazo alikuwa bingwa wa lugha hiyo, kiasi kwamba choo cha uani kilipoziba aliwatangazia waumini kuwa mahali pa kujisitiri pamepata changamoto. Watu walimcheka kwa mapenzi, na mama mmoja, fundi cherehani aliyeshona majoho ya kwaya, alimcheka kuliko wote. Jumapili hii hakuwa na kicheko.

Mwanawe, waliyemwita Besi kwa ile sauti yake nzito kwenye kwaya, alikuwa amechukuliwa. Kwenye mkutano wa hadhara alisimama akamwuliza kiongozi kwa nini zahanati iliyozinduliwa kwa mbwembwe bado ina kufuli. Watu wakapiga makofi. Alhamisi wanaume waliovaa kiraia wakamtoa kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu, wakamwingiza kwenye gari. Polisi walimwambia mama yake hawamjui.

"Tangaza, Baba Mchungaji," alimsihi ofisini kabla ya ibada. "Sema wamemchukua. Tukienda kituoni wengi, watamtoa. Mimi peke yangu wananiona mbu tu."

Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na woga wake aliuvalisha vizuri. "Mama, madhabahu na siasa havichangamani. Tutasema amechukuliwa, tumwombee. Nani kamchukua, tumwachie Mungu."

"Mungu anawajua, baba. Wanaotakiwa kuambiwa ni watu."

Lakini mama alikubali. Angefanyaje?

Mchungaji alimpa Mzee wa Matangazo neno hilo hilo, "amechukuliwa". Mzee, kwa mazoea yake, akaliona la mtaani mno. Akarekebisha miwani, akainamisha kichwa. "Wapendwa, kijana wetu Besi ametwaliwa."

Kanisa zima likaguna. Kwenye viti vya kwaya vilio vikaanza, kisha mtu akaanzisha wimbo wa msiba.

Fundi aliruka. "Hajafa! Jamani, mwanangu yu hai!"

"Ndiyo, mama, kwa Bwana yu hai," wanawake walimjibu huku wakimkumbatia. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kumhurumia. Akamtazama mchungaji. Kipaza sauti kilikuwa mdomoni pake, na sentensi moja tu ingetosha. Mchungaji akafumba macho, akaomba.

Uchungu ule hausemeki. Kuliliwa mwanao akiwa hai, tena na watu wanaompenda!

Ibada ilipokwisha, mwenyekiti wa akina mama akamshika mkono. "Pole, dada yangu. Mwili uko wapi? Tukauchukue. Kanisa zima tunakwenda, hata sasa hivi."

Fundi akawaangalia walivyokwisha kujifunga nguo viunoni. Ijumaa alikuwa amepita mlango kwa mlango akiwaomba wamsindikize kituoni. Huyu alikuwa na mgonjwa, yule na mgeni, mwingine mguu ulikuwa unamuuma. Kwa Besi mzima kila mtu alikuwa na udhuru. Kwa maiti yake hakuna aliyetaka kubaki. Alitamani kuwatukana. Kisha akawaza: si wengi nilikuwa nawataka? Si hawa hapa?

"Uko kituoni," akasema. "Mwili uko kwa polisi."

Ulimi ulimwunguza. Moyoni akamwambia kijana wake: nisamehe, mwanangu, nakuua kwa mdomo tu, nipate kukutoa.

Wakaenda huku wakiimba, wameijaza barabara, wanakwaya mbele na majoho yao. Fundi alitembea haraka kuliko wote. Alijua polisi wataruka: maiti gani, huyu kijana mzima! Watamleta mlangoni na kichwa chake cha nusu nusu, na aibu ya uongo wake ataibeba kwa furaha hadi kaburini.

Askari wa zamu akatoka kibarazani. Alipouona umati hakufoka. Alivua kofia, akarudi ndani kunong'ona na mwenzake, kisha akatoka tena, uso umemshuka.

"Nani amewaambia?" akauliza. "Amefariki alfajiri ya leo. Hata taarifa bado hatujatoa."

Wimbo ukakatika. Watu wote wakamgeukia fundi.

"Mimi," akasema. "Nimewaambia mimi."