Betri Nzito za Banza

Kulikuwa na mambo mawili ambayo Banza hakukubali kufundishwa na mtu: kuendesha gari na kupima jiwe. Alichimba Kambove miaka kumi na minane, na huko mkono ndio mwalimu. Unaokota jiwe, unalirusharusha kiganjani. Likiwa zito lina shaba, likiwa jepesi unalitupa, na anayekuletea gunia jepesi akikuapia kuwa ni mali, huyo ni mwizi hata kama ni shemasi. Hekima hiyo ilimlisha yeye na mkewe Simone, ikamsomesha binti yao Hadassa mpaka akaolewa Kolwezi. Ubaya ni kwamba aliibeba hadi pale ambapo haikuwa na kazi, yaani dukani kwa Ricky, sokoni Likasi, wanakouza betri na paneli za jua.

Simone aliugua mapafu. Vumbi la miaka yote ya kuponda mawe lilikuwa limemkaa kifuani, na daktari hakuzungusha maneno: mama aondoke kwenye vumbi, na awe na mashine ya oksijeni usiku kucha na saa kadhaa za mchana. Mashine ilipatikana, ndogo, ya kubebeka. Kilichokosekana ni umeme. Mitambo ya umeme ya Koni iko hapo karibu, nyaya zinapita juu ya mabati ya watu, lakini mtaani kwao courant, yaani umeme, ilikuja ilipotaka na kuondoka bila kuaga. Ndipo Banza akatoa wazo, na tuseme haki, lilikuwa wazo zuri. Aling'oa viti vya Hiace yake kuukuu, akaweka kitanda, jiko la gesi na pazia la maua, ili wakaishi humo kando ya ziwa Tshangalele, kwenye hewa safi, paneli zikiwa juu ya paa.

Kupanga umeme wa gari alipewa fundi Damas. Alipiga hesabu ya kile mashine inachokula, akaongeza siku za mawingu, akachagua betri moja ya lithium dukani kwa Ricky. Kisha akafunga kidhibiti cha paneli, invata ya kugeuza umeme wa betri uifae mashine, na chaja ya kuvuta nguvu kutoka kwenye mota, yaani injini, gari likitembea.

"Hii chaja nimeiregler, nimeipanga kwa lithium," alisema. "Kila batri iko na chaja yake. Papa Banza, usibadilishe kitu bila kuniita."

Banza akainyanyua ile lithium kwa mkono mmoja. Kwa mkono mmoja, jamani! Moyo wake ukakataa papo hapo. Pembeni ya duka zilikuwapo betri za plomb, za risasi ile ya zamani, nyeusi, moja inawatoa jasho wanaume wawili.

Simone alimjua mumewe. "Papa Hadassa, usikie fundi," alisema, akipumzika kati ya maneno. "Ile kazi, yeye njo anaijua."

"Nimesikia."

Alisikia kwa masikio tu. Asubuhi ya safari alipita kwa Ricky peke yake na kubadilishana: ile moja nyepesi kwa mbili nzito. Ricky hakuwa mwizi. Alimuuliza, "Fundi anajua?" na Banza akajibu, "Anajua," kwa sauti ya mtu aliyepata bahati na hataki maswali. Alizifunga mwenyewe chini ya kitanda, akapigilia ubao juu. Simone alipouliza kama betri ya fundi imewekwa, alimwambia, "Uko unailalia." Aliuona ni uongo mdogo wa kulinda amani ya nyumba, na wangapi kati yetu hawajawahi kuuhesabu hivyo?

Siku nne za kwanza zilikuwa tamu. Simone alikaa mlangoni mwa gari akitazama wavuvi, akala samaki, akacheka mara mbili. Kumbe usiku baada ya usiku betri zile zilikuwa zinanywewa umeme hadi chini kabisa, mahali ambapo lithium inavumilia na risasi inakufa. Siku ya tano na ya sita mvua haikupisha jua. Siku ya saba, saa nane mchana, mashine ikaanza kulia, mlio mwembamba usiokoma. Umeme wa gari ulikuwa umekatika. Kilichobaki ni kibetri cha ndani ya mashine yenyewe, cha dakika arobaini, na midomo ya Simone ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Banza alimpigia Damas simu.

"Fundi, mashine iko nalia. Courant haiko."

"Usiogope, papa," Damas alijibu. Alikuwa ameweka sauti ya kumtuliza mtu. "Ile ni lithium, inajifunga yenyewe ikichoka. Usiguse waya hata moja. Mashine iko na kibetri yake, na njia iko tope, gari haitatembea vizuri; ungoje kidogo mvua ipungue. Jua likitoka, itajifungua."

Kungoja. Banza alitazama angani. Anga lilikuwa jeusi kutoka mlima hadi mlima. Nyuma yake Simone alikuwa amefumba macho, mikono kifuani, akiomba kama wanavyoomba kanisani kwao, kwa kutaja jina.

"Bwana Yesu... umusamehe Damas. Alituchagulia batri... mubaya. Usimuhesabie... ile zambi. Iko na batoto."

Kila neno lilimgharimu pumzi. Na pumzi zile Banza alizijua idadi, maana wiki nzima alikuwa amelala akizisikiliza. Sasa zinamwagwa kumwombea msamaha mtu ambaye hakukosa lolote! Aibu ilizidi hofu. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na huyu alikuwa anaficha huku mkewe anakata roho juu ya ubao alioupigilia yeye mwenyewe.

"Fundi," alisema, na hakupunguza sauti. "Haiko lithium. Nilibadilisha. Nilikamata mbili ya plomb kwa Ricky, juu ya vile zilikuwa nzito. Minye njo nilifanya. Mama hakujua."

Maombi nyuma yakakatika.

Damas hakutukana, na ingekuwa nafuu kama angetukana. "Basi usingoje," alisema kwa haraka. "Zile zimekufa, jua haitazifufua. Utoe waya za invata pale, uzifunge moja kwa moja ku batri ya gari, nyekundu ku nyekundu. Uwashe mota, usiizime hata kidogo, ukuje hospitali. Minye naenda kukungojea kulee."

Banza alibandua ubao kwa mikono mitupu, msumari ukamchana kiganja, hakuhisi. Nyaya zilimponyoka mara mbili. Mota iliguruma, mashine ikanyamaza kulia na kuanza kuvuma, kwa kusitasita. Hakuthubutu kumtazama Simone usoni. Aliruka mbele kwenye usukani, na gari likaingia kwenye tope la njia ya Likasi likiyumba.

"Papa Hadassa."

"Ee, mama."

"Kumbe nilikuwa naombea... muntu asiye na kosa."

"Unisamehe. Uniombee minye. Kosa ni yangu."

Magurudumu yalizama, yakatoka. Sauti ya Simone ilipokuja, hapakuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo lililomuua kabisa.

"Pumuzi ya kuanza upya... sina. Weye mwenyewe ujiombee. Endesha."

Banza akaendesha. Akaomba kwa sauti kubwa, yeye ambaye kanisani alikuwa mtu wa kusinzia. Akaungama vyote, duka, uongo na ubao, machozi yakimfanya asione shimo lililo mbele. Na kila alipomaliza ombi alitega sikio nyuma, akingoja Simone aseme amina.