Maikrofoni ya Baba Mkubwa

Kabla ya kupasuliwa koo na pengine kupoteza sauti, mtangazaji mstaafu alimpelekea fundi sauti, binti wa mdogo wake, maikrofoni yake ya kale ili amrekodi nayo.

"Hii ina utepe mwembamba wa bati ndani, mwanangu. Usiipelekee umeme wa miksa, itaungua."

Binti aliitikia huku macho yake yakiwa kwenye simu, akaichomeka kwenye miksa mpya bila kuzima swichi ya umeme huo. Ikakoroma mara moja, ikazima.

"Imezeeka kama mimi," mzee akacheka.

Binti angeweza kuyaacha hapo, lakini moyo ulimsuta. "Hapana, baba mkubwa. Nimeiunguza mimi. Sikukusikiliza."

Mzee aliipapasa maikrofoni yake, kisha akavuta maikrofoni ya binti iliyokuwa mezani. "Haya, washa. Koo halingoji."

Binti akamrekodi, asithubutu kumtazama usoni.