Geti la Buluu la Mkuyuni

Usiku wa kuamkia leo niliota ni saa tisa alasiri na nimekaa juu ya ukuta wa nyuma wa uwanja wa Mkuyuni, mguu mmoja nje, mmoja ndani. Hapo hakuna ajabu. Nimecheza kiungo katika klabu tisa na sasa ni kocha wa Nyuki FC. Ugenini tumekuwa tukiruka ukuta siku zote, kwa kuwa inasemekana wenyeji huzika kitu getini.

Timu yangu inacheza mechi ya mwisho wa msimu. Tukishinda tunabaki ligi kuu, tusiposhinda tunashuka. Tumefunga bao. Mwamuzi, kabati la vyombo lililovaa bukta, analikataa.

"Sababu?" nauliza.

"Kocha hajaingia uwanjani."

"Si nipo hapa?"

"Upo ukutani. Liulize geti."

Geti linakuja likitembea kwa bawaba zake. Ni la chuma, la buluu. "Salvatory, miaka yote unaturuka. Tumekukosea nini?"

"Ni tahadhari tu, mzee. Mnazikiwa vitu."

"Nilizikiwa yai. Likaoza, nikanuka mimi." Linasogea. "Hujawahi kuingia uwanja wowote. Pasi zako zote hazihesabiwi. Hata lile bao la Songea."

"Ndilo bao langu pekee."

"Tunajua."

Goti langu la kulia, lililopasuliwa mara mbili, linakohoa. "Shuka, kaka. Kila ukuta uliouruka, aliyetua ni mimi."

Nashuka. Napita geti la Songea, natokea Tanga. Napita la Tanga, natokea Kigoma, mvua inanyesha. Kwenye kila geti jezi yangu ya zamani inanisubiri, imefuliwa, kisha inapanga foleni nyuma yangu. Hakuna kinachonidhuru. Mwisho ni geti la Mkuyuni. Ni zito, nalisukuma kwa bega.

"Taratibu," linasema. "Wamenipaka rangi leo."

Naingia. Kabati linafungua milango, sahani zinagongana, bao linahesabiwa. Halafu linahesabu na lile la Songea. Mbili bila. Filimbi ya mwisho inalia, tumebaki ligi kuu. Jezi tisa zinanibeba juujuu, na goti linasema, "Leo siumwi popote."

Niliamka hotelini. Mzee Chilumba, mtunza vifaa wetu, alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa mipira.

"Kocha, basi linanguruma. Leo tunarukia upande gani?"

"Tunapita getini."

Aliuweka mfuko chini. "Getini? Vijana watagoma."

"Nitatangulia mimi."

"Haya, wewe ndiye kocha. Ila badilisha hiyo fulana kwanza."

"Ina nini?"

Aligusa bega langu, akanionyesha kidole. Kilikuwa na rangi ya buluu, bado mbichi.